Nina siku mbili za kuwaandaa wakufunzi wasaidizi sita. Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Mwanza. Idara yetu imeajiri wakufunzi wasaidizi sita, wote wamemaliza shahada ya kwanza kwa ufaulu wa juu na wawili wameshaanza uzamili. Mkuu wa idara amenikabidhi kazi ya kuwaandaa kabla semista haijafunguliwa. Nina siku mbili, chumba kimoja, ubao na chai. Watasimamia semina za takwimu za mwaka wa kwanza, kila kikundi wanafunzi hamsini hadi sitini. Mwaka jana semina hizo zilikuwa kimya kabisa: TA (mkufunzi msaidizi) anaongea, wanafunzi wananakili, na matokeo ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, hayakutupendeza. Je, nianze na nadharia za ujifunzaji? Na nifanyeje na mmoja wao aliyeniambia waziwazi kwamba amekuja kutafuta uzamili, kufundisha hakumhusu sana?

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu. Umefanya vema kuuliza mapema. Idara nyingi huwakumbuka wakufunzi wasaidizi wiki ya tatu, malalamiko ya CR, mwakilishi wa darasa, yakishafika mezani kwa mkuu wa idara.

Nadharia ziweke kando kwa sasa. Zina thamani yake na utazirudia baadaye, lakini ukitumia siku mbili kuwahutubia vijana kuhusu ufundishaji shirikishi, watakachobeba ni ile hotuba. Wao wamekaa miaka mitatu wakitazama mhadhiri akisoma slaidi. Huo ndio ufundishaji wanaoujua, na hautatoka kwa kuongezewa hotuba nyingine. Siku zako mbili ziwe za wao kusimama mbele, kujaribu, kuambiwa kilichoonekana, na kusimama tena.

Na katika yote unayoweza kuwafundisha, mimi ningeshikilia jambo moja: watoke hapo wakiwa na mazoea ya kutafuta kujua mwanafunzi anafikiri nini. Kueleza vizuri kutakuja. Kupanga ubao kutakuja. Lakini TA asiyejua kilichomo kichwani mwa mwanafunzi wake anaweza kueleza vizuri sana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelikosea, akaacha lile lililowakwamisha wote.

Tazama walivyopatikana. Vyuo vyetu huchagua wakufunzi wasaidizi kwa GPA, yaani wastani wa ufaulu wa shahada, na kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni 3.8 kati ya 5 kwenda juu. Ni kigezo halali, sikipingi. Ila kinachuja watu ambao somo liliwaingia bila vita. Kijana aliyepata A ya takwimu hajawahi kukaa usiku kucha akijiuliza kwa nini kwenye kanuni ya kupima mtawanyiko wa sampuli tunagawa kwa n kutoa moja, n ikiwa idadi ya namba. Aliikubali akaendelea mbele. Mwanafunzi akimwambia "sijaelewa", anarudia maneno yaleyale, polepole zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Hana dharau hata kidogo. Hajui tu kwamba kuna njia nyingine ya kukosea ambayo yeye hakuipitia.

Habari njema ni kwamba kufundisha hivi hakuhitaji mvi. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha jaribio la Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman, yule mshindi wa Nobeli ya fizikia. Lilifanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kwa madarasa mawili ya fizikia ya mwaka wa kwanza, kila moja likiwa na wanafunzi zaidi ya 250. Kwa wiki moja darasa la kwanza liliendelea na mhadhiri mzoefu aliyekuwa akisifiwa na wanafunzi. La pili lilichukuliwa na mtafiti kijana mwenye uzoefu mdogo wa kufundisha, akisaidiwa na mwanafunzi wa shahada ya juu, wote wakiwa wamejifunza njia ya kuuliza, kuwaachia wanafunzi wajadiliane, kusikiliza, kisha kurekebisha. Katika mtihani wa mada ya wiki hiyo, darasa la mhadhiri mzoefu lilipata wastani wa asilimia 41, na la vijana asilimia 74. Ilikuwa wiki moja tu, na wale vijana wawili walikuwa miongoni mwa watafiti wenyewe, kwa hiyo sikuambii uichukue kama mizani ya kila kitu. Lakini uchambuzi mkubwa uliotoka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulionyesha mwelekeo uleule: waliofeli katika madarasa ya kuhutubiwa walikuwa kama asilimia 34, na katika madarasa ambamo wanafunzi wanafanya kazi walikuwa kama asilimia 22. Waambie TA wako habari hiyo dakika kumi za kwanza. Itawapa moyo, na ndiyo nadharia yote wanayohitaji asubuhi hiyo.

Sasa siku ya kwanza. Tumia ufundishaji mdogo, njia iliyoanzia Stanford miaka ya 1960 na ambayo walimu wetu huipitia kabla ya kwenda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni. Siku tatu kabla, mpe kila mmoja kipande kidogo cha mada. Usimpe "takwimu fafanuzi" nzima. Mpe "kwa nini wastani na kati (namba ya katikati, median) vinatofautiana kwenye mishahara". Atafundisha dakika nane. Wenzake watano watakaa kama mwaka wa kwanza, na hapa kuna jambo ninalotaka ulifanye bila kukosa: wawili kati ya hao watano uwanong'oneze kabla kosa la kushikilia. Mmoja aamini kwamba wastani lazima uwe mojawapo ya namba zilizopo kwenye orodha. Mwingine aamini kwamba sampuli ikiwa kubwa, basi ni sahihi hata kama imechukuliwa kijiweni kwa marafiki. Wasiseme wazi, wajibu maswali kama mtu mwenye imani hiyo angejibu. Wakiulizwa "mmeelewa?" waitikie "ndiyo" kwa sauti ya pamoja, kama inavyokuwa darasani.

Dakika nane zikiisha, muulize aliyefundisha swali moja kabla mwingine yeyote hajafungua mdomo: nani hapa hakuelewa, na umejuaje? Mara ya kwanza wengi hawatakuwa na jibu. Hapo somo limeshaingia bila wewe kuhubiri. Kisha wale wawili wafichue walichokuwa wameshikilia, kikundi kitafute ni swali gani lingewafichua mapema, na mwalimu huyo apewe muda wa kutengeneza upya. Mchana anafundisha kipande kilekile tena. Ukiweka dakika ishirini kwa kila mtu, asubuhi inatosha duru ya kwanza na mchana inatosha ya pili. Marudio haya usiyakate hata kama muda umebana. Heri uondoe hotuba ya ufunguzi ya mkuu wa idara, kwa heshima zote.

Kila mmoja arekodiwe kwa simu yake mwenyewe, na video aitazame peke yake nyumbani. Usiionyeshe mbele ya wenzake. Atayaona mwenyewe yale ambayo ukimwambia yatamuumiza: kwamba alifundisha ubao, kwamba aliuliza akajijibu, kwamba alimtazama mtu mmoja tu kipindi chote.

Siku ya pili asubuhi waketi kutengeneza maswali, kwa sababu semina nzuri hubebwa na swali zuri. Mwaka jana, nina hakika, semina ilikuwa "tafuta mkengeuko sanifu wa data ifuatayo", yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika mbali na wastani. Mwanafunzi anaingiza namba kwenye kikokotoo, anapata jibu, na hajui amepata nini. Chukua jambo la hapa kwetu. Mitumbwi miwili ya dagaa imetoka usiku tano mfululizo. Wa kwanza umeleta kilo 38, 40, 41, 39 na 42. Wa pili umeleta kilo 5, 90, 20, 70 na 15. Wastani wa yote miwili ni kilo 40. Sasa uliza: wewe ni afisa mikopo, wamiliki wote wawili wanataka mkopo wa injini, unamkopesha nani, na utamwelezaje uliyemnyima? Usitaje kanuni yoyote bado. Waache wabishane. Atatokea wa kusema "wote sawa, wastani ni mmoja". Atatokea wa kusema "wa pili ndiye anajua kuvua, amefikisha 90". Atatokea anayetaka kupima kuyumba lakini hana kipimo. Huyo wa tatu ndiye atakayeihitaji kanuni, na ukimpa wakati huo ataipokea kwa mikono miwili. Wakikokotoa kwa kugawa kwa n watakuta mkengeuko wa kwanza ni kama kilo 1.4 na wa pili ni zaidi ya kilo 33, na namba hizo zitakuwa na maana.

Halafu, ukiwa na bahati, mwanafunzi aliyekulia Ukerewe au Sengerema atanyoosha mkono aulize: usiku huo tano ulikuwa wa giza au wa mbalamwezi? Maana dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, wengi hawatoki kabisa. TA ambaye hajaandaliwa atasema "hilo halipo kwenye swali, tuendelee". Aliyeandaliwa ataacha kila kitu, kwa sababu mwanafunzi huyo amegusa suala zito kuliko mkengeuko sanifu: kama usiku tano zinaweza kusimama badala ya mwezi mzima, na nani alizichagua. Hiyo ni mada ya uchaguzi wa sampuli ya wiki ya sita, imekuja yenyewe wiki ya pili kutoka kwenye kinywa cha mtu aliyezoea ziwa. Kwenye mazoezi yako, mmoja wa TA aigize mwanafunzi huyo, uone mwenzake anafanya nini.

Umenieleza kuhusu ukimya. Ukimya huo una sababu zaidi ya moja, na ya kwanza ni mwalimu mwenyewe. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi mashuleni hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja, au pungufu. Walipojizoeza kungoja sekunde tatu na zaidi, majibu yakarefuka, wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na wasiojibu kabisa wakapungua. Sekunde tatu zinaonekana chache hadi usimame mbele ya macho sitini. Fanyeni zoezi: mmoja aulize swali, mwingine ashike saa. Kijana atapenda kujaza ukimya huo kwa kurudia swali au kulirahisisha hadi linajijibu lenyewe. Afunge mdomo.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa nitasema msimamo wangu bila kuzunguka. Mwanafunzi wako amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na sasa unamtaka afikirie jambo jipya kabisa, mbele ya watu, papo hapo, kwa lugha anayoiandika vizuri kuliko anavyoizungumza. Ananyamaza. Wewe unadhani hajui takwimu, kumbe anaogopa kuchekwa kwa sarufi. Kanuni ninayowapa TA ni hii: kwenye vikundi jadilianeni kwa lugha yoyote, Kiswahili, Kisukuma, mchanganyiko, lakini kitakachoandikwa kwenye karatasi ya kikundi kiandikwe kwa Kiingereza, kwa sababu UE itakuja kwa Kiingereza na hatuwezi kuwadanganya kuhusu hilo. TA naye ajizoeze kuchukua wazo lililotolewa kwa Kiswahili, alishukuru kama wazo, kisha asaidiane na darasa kulivalisha maneno ya mtihani. Wako wenzetu wanaoona hivi ni kulegeza kamba. Mimi naona fikra ikishapatikana, kuiandika kwa Kiingereza ni kazi inayowezekana; fikra isipokuwepo hakuna cha kuandika kwa lugha yoyote.

Sababu ya tatu ni chumba. Wanafunzi sitini, viti vimefungwa sakafuni, mistari inatazama ubao. Usisubiri ukumbi mwingine. Mstari wa kwanza ugeuke utazame wa pili, wa tatu utazame wa nne, hapo una vikundi vya watu wanne wanne ndani ya nusu dakika. Kila kikundi karatasi moja na kalamu moja. TA azunguke akisikiliza, asiketi mbele. Na mvua ikipiga bati, kama inavyotupata Aprili, hakuna atakayesikia mhadhara wowote, lakini vikundi vya watu wanne vilivyoinamiana vinaendelea kama kawaida. Umeme ukikatika, vilevile. Kwa hiyo semina isitegemee projekta. Karatasi iliyochapwa au swali lililoandikwa ubaoni vinatosha.

Kuna onyo moja wapewe mapema. Baadhi ya wanafunzi watalalamika: "Huyu TA hafundishi, anatuuliza tu, hata madesa hatoi." Jambo hili limechunguzwa. Deslauriers na wenzake, katika utafiti uliotoka 2019 huko Harvard, walikuta kwamba wanafunzi waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi kuliko waliohutubiwa, lakini wenyewe walijiona wamejifunza kidogo. Kuhangaika na swali kunachosha, na mtu aliyechoka hudhani hajapata kitu. Dawa ni TA kulieleza hilo semina ya kwanza kabisa, kwa dakika tano, kabla malalamiko hayajazaliwa. Na wewe mratibu ulirudie kwenye mhadhara, ili wasione ni mtindo wa kijana mmoja.

Siku ya pili mchana ni ya kusahihisha. Chukua skripti tano za testi ya mwaka jana, futa majina, piga kopi, kila TA asahihishe peke yake bila kuzungumza. Kisha andika alama zote ubaoni. Skripti moja itapata alama ambazo zinamfaulisha kwa huyu na kumfelisha kwa yule, na watu watatazamana. Hapo ndipo mjadiliane: kupanga data kuna alama ngapi, hesabu ngapi, kueleza maana ya jibu ngapi? Aliyekosea hesabu mwanzoni akafuata njia sahihi hadi mwisho mnamfanyaje? Mkubaliane, muandike mwongozo mmoja, mrudie skripti mbili za mwisho kuona kama mmekaribiana. Katika vyuo vingi vyetu kozi wok, yaani kazi za semista, ni alama 40 na UE 60, kwa hiyo tofauti ya TA na TA inaweza kumpeleka mwanafunzi kwenye sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu tu ya kikundi alichopangiwa. Hilo ni suala la haki, na vijana wenye akili hulishika haraka likiwekwa hivyo. Mwongozo uwaambie pia waandike sentensi moja ya kumsaidia kwenye kila skripti. "Umekosea" haimsaidii. "Umetafuta wastani vizuri, sasa rudia hatua ya tatu, umesahau kuinua mraba" inamsaidia. Na skripti zirudi kabla mada haijapita.

Kama wengine watasimamia maabara ya kompyuta, waambie kitu kimoja tu: mikono nyuma. TA akishika kipanya cha mwanafunzi, mwanafunzi ameacha kujifunza.

Maadili yapewe saa nzima, na uyaongelee wewe mwenyewe kwa uso mkavu. Zamani kidogo umri ulisaidia: baada ya Azimio la Musoma la 1974, waliotoka kidato cha sita walitakiwa kwenda kufanya kazi kwanza kabla ya chuo kikuu, na madarasa yakajaa watu wazima wenye kazi na familia. Siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka kama ishirini na TA ana ishirini na nne. Wanapanga nyumba mtaa mmoja, wanasali kanisa moja au msikiti mmoja, wanacheza mpira uwanja mmoja. Mwaka jana walikuwa wanaitana kwa majina. Leo mmoja ameshika alama za mwenzake. TA wengi hawajatambua kwamba wamebadilika, na ni kazi yako kuwaambia. Kudai au kulazimisha ngono kwa ajili ya alama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Taja sheria hiyo kwa jina lake. Halafu shuka kwenye ya kila siku, maana huko ndiko wanakoteleza. Skripti zisahihishwe ofisini, zisibebwe kwenda geto. Mwanafunzi mwenye shida aje saa za ofisi zilizobandikwa mlangoni, mlango ukiwa wazi. Mawasiliano ya kozi yapite kwenye kundi lenye CR ndani, yasiwe ya usiku kwenye simu ya mtu. Asiwafundishe kwa malipo wanafunzi ambao atawasahihisha. Na kama ana uhusiano na mwanafunzi uliokuwepo kabla hajaajiriwa, au ni mdogo wake, au ni mpangaji mwenzake, akuambie wewe tu, umhamishie kikundi kingine bila maswali. Ukiliweka hivyo watakuambia. Ukitisha, watakuficha.

Hizo ndizo siku mbili. Lakini, mwalimu, siku mbili peke yake zitayeyuka kufikia wiki ya nne. Kazi yenyewe iko kwenye saa moja ya kila wiki ambayo lazima uipiganie kwenye ratiba. Mkutane siku moja isiyobadilika, kabla ya semina za wiki inayofuata. Kila TA aje na jibu moja la makosa kutoka kwa mwanafunzi wake, limenakiliwa kama lilivyo, bila jina. Mlitazame: huyu alikuwa anafikiri nini hadi hili likaonekana sahihi kwake? Nusu ya pili ya saa, wote wafanye swali la wiki ijayo kwa mkono wao, wakitabiri wapi watu watakwama. Makosa hayo yaandikwe kwenye daftari moja la idara. Baada ya semista mbili utakuwa na kitu ambacho hakuna kitabu cha takwimu kilichonacho: orodha ya namna wanafunzi wenu wenyewe wanavyokosea, mada kwa mada. TA wapya wa mwaka kesho waanze na daftari hilo.

Watembelee pia darasani, kila mmoja mara mbili, wiki ya tatu na ya nane. Usiende na fomu ya kutoa alama. Chora ramani ya viti, na kila anayeongea weka alama alipokaa. Andika pia kama ni wa kike au wa kiume. Ukimaliza, mpe TA ile ramani siku hiyohiyo, bila neno. Mara nyingi mistari miwili ya mbele imejaa alama na nyuma kweupe. Atajua la kufanya. Kamwe usimsahihishe mbele ya wanafunzi. Akikosea jambo zito la somo, mnong'oneze alirekebishe mwenyewe semina inayofuata.

Wiki ya tano kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi kisicho na jina, kwa lugha anayotaka: nini kinamsaidia kwenye semina hii, nini kinamkwamisha. TA asome, akuletee, kisha wiki ya sita awaambie wanafunzi kitakachobadilika na kisichobadilika, na kwa nini. Ile tathmini ya mwisho wa semista inakuja watu wameshafunga mabegi.

Na mkuu wa idara akitaka kuwapa vijana hawa mihadhara yenyewe kwa sababu ya uhaba wa walimu, kataa kwa upole lakini ukatae. TA anayebebeshwa kozi nzima mwaka wa kwanza hujificha nyuma ya slaidi, na kuanzia hapo ni vigumu kumtoa. Akiwa na semina mbili au tatu kwa wiki, anapata muda wa kuziandaa na kuzitafakari, na wa kusoma uzamili wake.

Hapo tunafika kwa yule uliyenitajia. Usimwone mkaidi, amesema kweli ambayo wengine wameificha. Mfumo wetu unampandisha cheo kwa shahada na machapisho, na yeye ameusoma vizuri. Mwambie mambo mawili. Kwanza, siku ya kutetea tasnifu yake ataulizwa na watu wasiojua anachokijua, na kuwasikiliza wanafunzi sitini wa mwaka wa kwanza ni mazoezi ya hilo kila wiki. Pili, muulize tasnifu yake inahusu nini, umwachie atengeneze swali la semina kutokana na data yake mwenyewe. Mtu hulifundisha kwa joto jambo analolichimba. Mpe kikundi kimoja tu, kaa naye bega kwa bega wiki mbili za mwanzo, na kwenye mkutano wa kila wiki yeye awe mtunza daftari la makosa, maana watu wa utafiti hupenda kukusanya. Ikifika wiki ya nane na bado anaingia darasani kama anayelipa faini, mhamishie kazi nyingine ya idara, labda kuandaa data za maabara, na kikundi chake mpe mwenzake. Wale wanafunzi sitini wana semista moja tu ya takwimu.